Mlezi Mwenye Hali Mbaya Kuliko Wote

Jumatatu, 3 Machi
Habari moto! Muuguzi wa zahanati anapita majumbani kupima hali ya maisha yetu sisi tunaouguza wazee. Tunalala? Tunacheka? Tunatoka? Mwenye hali mbaya atapewa msaidizi wa mchana. Si ndiyo mimi huyo! Tangu Mama apooze mguu, namwogesha, namlisha, namgeuza. Dada yangu kazi yake kupiga simu na kutoa amri.
Mpango: nionekane marehemu mtarajiwa. Sinyoi ndevu.

Jumanne, 4 Machi
Nimejizoeza kupiga kite mbele ya kioo. Safi sana! Nikamwomba Mama naye agune kidogo mgeni akija. Akasema yeye haumwi popote, anayeumwa ni mimi, tena kichwani.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mama kavaa gauni la kutokea, kajipaka poda. Kamwambia muuguzi kwamba mimi humwimbia nikimwogesha, kwa sauti ya jogoo mwenye mafua. Muuguzi akaangua kicheko. Na mimi! Nikajitia kukohoa. Wapi! Muuguzi akaandika kwenye fomu yake. Upendo: tele. Furaha: tele. Kwisha habari yangu.
Kisha akauliza taratibu, "Mara ya mwisho kukaa na rafiki zako ilikuwa lini, kaka?"
Nikafungua mdomo nidanganye. Machozi ndiyo yaliyotoka, na hayo sikuyapanga. Mama akanishika mkono. Naye poda ikamchuruzika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata msaidizi! Kila Alhamisi mchana. Dada naye kasikia habari za machozi, kaja mwenyewe, kafua mashuka bila kuombwa. Kayakunja ovyo. Nimemwambia. Kaninunia, lakini kaahidi kurudi Jumapili.

Alhamisi, 13 Machi
Uhuru! Nimeshinda kwa rafiki yangu seremala, tumecheka mpaka mbavu zinauma. Nimerudi mwepesi kama unyoya. Nikachungulia dirishani: Mama na msaidizi wanacheza karata, Mama anacheka mpaka kilemba kimemdondoka. Mbona kwangu hacheki hivyo? Nilipoingia, akanitangazia kwamba huyu binti ndiye anayejua kucheza, si kama mwanawe. Ati!
Dawa yake ninayo. Alhamisi ijayo sitoki ng'o. Natia alama karata zote, nabaki hapa hapa, namfunga huyo msaidizi mbele ya Mama mpaka aombe poo.