Kamera Inayomsikia Kijana

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa makatibu na manaibu wao. Wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuunda kamati. Wazee wetu, kina mama, na ninyi vijana mliosimama juani kwa sababu viti ni vya wadau. Na kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi, mstari wa mbele.)

Mtakumbuka mlikuja ofisini mkilalamika kwamba vijana hamsikilizwi katika huduma za mtaa, nami, kwa usikivu niliojaliwa, sikuwasikiliza siku ile kwa kuwa nilikuwa katikati ya kuandaa mkakati shirikishi wa kuwasikiliza. Ndipo tukazindua Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Sauti ya Kijana, yaani zile kamera mnazoziona juu ya nguzo, sokoni, stendi na pale bombani. Kijana mwenye hoja hana haja tena ya kuja kutuchafulia sakafu: anasimama chini ya kamera, anainua uso, anaeleza shida yake kwa ufupi, anampisha mwenzake. (Vicheko huko nyuma.) Cheka tu, mwanangu, unaonekana.

Data zinajieleza. Wizi umeshuka kwa asilimia mia moja na nne, maana yake hata vitu ambavyo havijaibwa vimeanza kurudishwa. Foleni ya kamera pale stendi imeizidi foleni ya basi, na kuna wachumba waliogombana chini yake wakiiomba iwaamulie.

Nimtaje kwa heshima binti yetu mshona nguo. Simama, binti. Tangu mvua zianze, kila akifunga cherehani yake huenda chini ya kamera ya sokoni kuomba zahanati isifungwe mapema, kwa sababu mama yake hubanwa na pumu jioni. (Mshona nguo: "Juzi nimembeba mgongoni, mheshimiwa, tukakuta kufuli. Nimechoka. Kila nikiuliza naambiwa niendelee kuongea na kamera, eti jibu linachakatwa.") Linachakatwa, binti, na huo ndio uvumilivu tunaoutaka kwa vijana wetu. Angekuja ofisini, tungelazimika kumjibu. (Minong'ono.)

Vijana oyee! (Oyee moja, ya dereva wa mheshimiwa.) Kamera juu! Sauti juu! Malalamiko chini!

Nihitimishe kwa shukrani. Kwanza najishukuru. Pili, namshukuru fundi seremala wetu, ambaye kamera zote hizo alizichonga kwa mbao zilizobaki kwenye meza yangu mpya na kuzipaka rangi nyeusi, kwa ustadi kiasi kwamba hata mimi, nikipita chini yake, huwa nachomekea shati. (Mshona nguo, bado amesimama: "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nauomba ubao mama yangu apone?")

Hoja nzito hiyo, binti. Ipeleke kwenye kamera.