Malalamiko Dhidi ya Dunia kwa Kumwaga Chai ya Meneja

Mheshimiwa Meneja,

Shikamoo. Ninaandika kujibu barua yako inayonitaka nieleze, kabla ya kikao cha Ijumaa, kwa nini nisifukuzwe kazi kwa kuisukuma timazi ya ukumbini, yaani lile tufe zito la shaba linalobembea kwa waya mrefu kutoka darini, hadi likamwaga chai yako uliyoiweka mezani pangu, juu ya mafaili ya wateja.

Mzee, sikuigusa. Mkosaji ni Dunia, nami naishtaki hivi:

1. Kila asubuhi wewe mwenyewe huiachia timazi ibembee kuelekea lango kuu. Timazi ni tiifu, haiachi mstari wake. Dunia ndiyo huzunguka chini yake pamoja na sakafu, na meza yangu juu ya sakafu, hata ikifika saa ya chai nakuta nimepelekwa mbele ya tufe kama kondoo machinjioni.

2. Mama mdogo alinishauri, "Mwanangu, singizia upepo, hauna wakili." Nimekataa. Upepo nao ni mwathirika. Ukisafiri mbali juu ya bahari hushika njia iliyonyooka, Dunia ikazunguka chini yake, kisha lawama za kupinda hutwishwa upepo maskini.

3. Mhasibu ananiita Bwana Mzunguko. Akipita husema, "Shika meza, dogo, tunakata kona!" Wenzangu hucheka. Mimi nashika meza.

Kwa unyenyekevu naomba Dunia isimamishwe saa za kazi. Ikishindikana, ipewe barua ya onyo. Na hilo nalo likishindikana, ofisi yote ihamie kwenye ikweta, ambako timazi haigeuki. Viti nitabeba mimi.

Nisalimie mama watoto, mlinzi wa lango na wote wanaoniombea, hata mhasibu.

Wako mwenye hofu lakini asiye na hatia,

Karani wa Masijala

Baada ya sahihi: Dada wa mapokezi, aliyeniletea bahasha ya kuitia barua hii, ameisoma akichungulia juu ya bega langu, akacheka hadi akakaa chini, akauliza, "Kwani meza yako ina mizizi?" Tumeisogeza meza pamoja. Sasa iko jirani na yake. Dunia izunguke tu, sina kesi nayo tena. Ila alasiri hii timazi itafika kwenye rafu yenye birika lako la kioo, nami nitakuwa huku mapokezi, mikono yote miwili ikionekana. Tafadhali liondoe. Au, kwa faida ya kikao cha Ijumaa, liache.