Hema Moja, Maonyesho Matatu

Jumatatu, 14 Julai

Zipu. Sauti ya zipu ikizunguka pande zote nne za hema bila kukwama hata mara moja. Ilikuwa Jumamosi jioni, fundi Elias ndiye aliyeivuta, na tangu hapo naisikia nikipiga mswaki, nikila, nikisali. Hema letu la kwanza la juu ya gari limekamilika! Karakana ambayo kwa miaka ishirini imeshona maturubai ya malori hapa Mkolani sasa ni kampuni ya vifaa vya safari ndefu. Jina nimelibuni mimi: Nzila. Kwa Kisukuma ni njia. Mjomba Shimba, mwenye karakana, alisema ni jina zuri ila watu watauliza njia ya kwenda wapi.

Ndilo swali lenyewe. Hema lipo moja. Pikapu ya Mjomba ipo moja. Kwa hiyo tunaweza kwenda maonyesho ya mahali pamoja tu. Mjomba ameniambia bila ukali wowote: yakileta oda tano, tunaendelea na mahema. Yasipoleta, cherehani zinarudi kwenye maturubai, na mimi, afisa masoko, narudi Sengerema kwa mama kufundisha tuisheni.

Kuna Nairobi, kuanzia tarehe mosi Agosti. Huko hukusanyika watu wanaoendesha magari kutoka Misri hadi Afrika Kusini na kulala juu yake. Kuna Arusha, siku hizo hizo, ambako hukusanyika wanaobeba watalii. Na kuna wazo la Abdillah. Abdillah ni muuzaji wetu, zamani utingo wa malori, hajawahi kufungua kitabu cha masoko na anauza kuliko mimi. Anataka twende Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Nikamwambia Mwaloni si maonyesho. Akasema malori yamepanga foleni yanasubiri dagaa, madereva wamelala juu ya mizigo, sasa msomi unataka uonyeshwe nini tena?

Ni Nairobi, bila shaka. Lakini uamuzi lazima uwe wa kitaalamu. Kesho natengeneza jedwali.

(Sidhani kama inahusiana, ila Queen, niliyesoma naye chuo, atakuwa Nairobi na kampuni yake ya mahema. Ameniandikia kuuliza kama ni kweli siku hizi nauza maturubai. Ameweka na vikaragosi vya kucheka. Viwili.)

Jumanne, 15 Julai

Jedwali tayari. Vigezo vinane, kila kimoja na uzito wake. Nimelitengeneza kwa uaminifu kabisa. Mwaloni ya kwanza. Nairobi ya mwisho.

Kuna kosa mahali.

Nimelipata. Urahisi wa kumfikia mteja nilikuwa nimeupa uzito mkubwa mno. Nimeushusha. Nimeongeza hadhi ya chapa. Mwaloni bado ya kwanza. Nimeongeza mazingira yasiyo na harufu. Nairobi ya kwanza! Utafiti unataka uvumilivu.

Nimempelekea Mjomba. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani. Abdillah akachungulia begani kwake na kuuliza huyu Harufu ni nani hata apewe alama kumzidi mteja. Mjomba akaikunja karatasi vizuri na kusema Ijumaa kutakuwa na kikao, mafundi watanyoosha mikono. Ndivyo ilivyo hapa. Hata majani ya chai ya saa nne yalichaguliwa kwa mikono, na aliyeshindwa, fundi Mihayo, mpaka leo anakuja na ya kwake kwenye kopo.

Wapiga kura ni watano: Modesta, Mihayo, Elias, Abdillah na mimi. Mjomba huhesabu tu. Nahitaji mikono mitatu. Ninao mmoja.

Jumatano, 16 Julai

Pikapu ina viti vitatu. Mjomba anaendesha. Mimi lazima niwepo. Kinabaki kimoja.

Nimemkuta Modesta peke yake kwenye chai. Binti yake yuko saluni huko Nairobi, mwaka wa tatu huu hawajaonana. Sikuahidi. Nilisema tu kwamba kiti kipo, na kwamba anayenyoosha mkono vizuri huonekana. Alinishika mikono yote miwili. Nilijisikia mtu mwema kwa karibu saa nzima. Nikamwomba iwe siri.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefikiria: Modesta anaweza kuugua. Nikamfuata Mihayo. Hajawahi kutoka nje ya nchi, na baba mkwe wake humkumbusha hilo kila sikukuu. Kiti kipo, nikamwambia. Siri. Kisha nikafikiria: na Mihayo je, akighairi? Nikamfuata Elias. Elias si mtu wa maneno. Aliitikia kwa kichwa mara moja akaendelea kushona, ila cherehani ilibadilika mwendo.

Kiti kimoja, watu watatu, kura nne pamoja na yangu. Suala la kiti ni la utekelezaji, na utekelezaji huja baada ya mpango. Ndivyo tulivyofundishwa.

Ijumaa, 18 Julai

Ushindi! Nairobi mikono minne. Mwaloni mmoja, wa Abdillah, aliyeunyoosha huku akinitazama na kutabasamu. Sikulipenda tabasamu lile. Arusha sifuri. Mjomba alihesabu mara mbili, akasema haya, wengi wape. Modesta akapiga kigelegele. Mihayo akamtazama Modesta, akashangaa kinachomfurahisha yeye ni nini. Elias akawatazama wote wawili.

Nimewaandikia waandaaji papo hapo kuthibitisha banda letu. Wamejibu baada ya dakika saba. Saba!

Nimeisoma tena barua yao nyumbani Pasiansi, nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, ziwa limetulia. Nilijiona nimesimama chini ya taa kali nikieleza mishono kwa watu wenye vumbi la jangwani. Katika picha ile sikuwa na wasiwasi na mtu. Nimegundua kwamba huwa napenda sana mahali kabla sijafika.

Jumamosi, 19 Julai

Elias kaja kazini na koti. La sufu, la mitumba, kofia yake ina manyoya. Mkolani, saa tano, jua la Julai. Mihayo akamuuliza, vipi ndugu yangu, homa? Elias akajibu kwamba anajizoeza baridi ya Nairobi. Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema.

Mihayo akasema Nairobi anakwenda yeye. Baba mkwe kashaambiwa, jana katoka Misungwi na kuku wa kula njiani. Modesta akauliza, kuku wa njia ipi, maana kiti ni chake, na kwaya nzima ya parokia imeshamwombea safari njema. Cherehani zote zikasimama. Hapo Abdillah akasema taratibu, kama mtu anayekata keki: “Dada Evelina, na mimi nasubiri changu. Au nikalie honi?”

Alijua tangu Alhamisi. Karakana ya cherehani tatu haina siri, ina watu wanaosubiri tu.

Nilikuwa na suluhisho. Hema ni la watu wawili. Mmoja akae mbele, wawili wajilaze humo juu mpaka Nairobi, na njia nzima wangekuwa tangazo. Mihayo akaniuliza kama nimekunywa chai asubuhi. Elias akasema yeye ndiye aliyeshona mishono ya chini, kwa hiyo hapandi.

Modesta alikuwa amenunua kitenge cha kumpelekea binti yake, amekileta atuonyeshe. Alikikunja mara nne akakirudisha kwenye mfuko.

Jumatatu, 21 Julai

Kikao cha dharura. Mjomba hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza mbele ya wote kama niliwahi kuhesabu viti vya ile pikapu. Nikasema ndiyo, vitatu. Akasema basi, mwanangu, tatizo lako si hesabu.

Mikono upya. Mwaloni minne. Nairobi mmoja. Arusha ikabaki na sifuri yake.

Nimemwomba radhi kila mmoja. Mihayo alinisamehe baada ya kunieleza alichosema baba mkwe, kwa kirefu, kwa Kisukuma, na mengine sikuyaelewa na nashukuru. Elias aliitikia kwa kichwa. Koti bado analo, ila analikalia. Modesta aliniambia nisijali, lakini aliuambia uzi.

Mjomba ameniagiza niwajulishe Nairobi kwamba hatuendi. Nimeandika barua nzuri, aya tatu, ya heshima. Sijaituma. Mtandao wa hapa uko taratibu. Kesho.

Jumamosi, 26 Julai

Mwaloni. Abdillah alisema hakuna sababu ya kusubiri Agosti, malori hayana mgeni rasmi wa kuyafungua. Tumeegesha kati ya malori mawili ya dagaa, hema limefunguliwa, vipeperushi mkononi. Waliotangulia kufika ni korongo, wale wakubwa wenye vipara. Mmoja akapanda juu ya hema akakaa kama aliyelipia.

Madereva walipanda ngazi mmoja mmoja, wakajilaza, wakasifu godoro, wakashuka. Hakununua hata mmoja. Dereva wa Tunduma alinielewesha kwa upole, kama anayemvusha mtoto barabara: “Sista, mimi nalala juu ya mzigo ili nisikie. Nikijifungia humo na kapazia kangu, wataninyonya dizeli mpaka tone la mwisho, na mimi naota niko harusini.”

Nikamtazama Abdillah. Leo hakutabasamu. Nakiri nilifurahi. Kisha nikakumbuka kwamba akishindwa yeye, anayerudi Sengerema ni mimi.

Saa nane akaja mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, Mama Bernadeta. Hakupanda ngazi. Alilipiga hema kwa chini kwa kiganja, akanusa kitambaa, akauliza kama linaweza kukaa pasipo gari. Nikasema hapana mama, hili ni la juu ya gari. Abdillah akasema linakaa popote, mama yangu, wewe sema tu. Akasema. Wako kikundi cha akina mama sita, huanika dagaa kisiwani juu ya vichanja, na kila mmoja lazima akae aulinde mzigo wake dhidi ya mvua, ndege na watu. Chini kuna matope na siafu. Hema la kukaa juu ya kichanja, lenye ngazi yake, wamelitafuta miaka.

Anataka sita! La kwanza ni hili hili la mfano. Alipate Jumamosi ijayo alfajiri, boti ya kisiwani haimsubiri mtu.

Abdillah alinipa mkono mpaka vidole vikaniuma. Mjomba kwenye simu aliuliza “sita?” mara tatu. Tumepona. Karakana, mahema, mimi. Naandika hapa kwamba nalijua hilo.

Lakini kichanja cha dagaa!

Jumatatu, 28 Julai

Karakana inaimba. Modesta amenisalimia akinitazama usoni. Mjomba ameniambia, mwanangu, masoko ni kumfuata mtu alipo. Nimeiandika. Ni sentensi nzuri, kwa biashara za kawaida. Kisha akanikabidhi ufunguo wa stoo, mara ya kwanza tangu niajiriwe, ili Jumamosi nimfikishie Mama Bernadeta hema lake mwenyewe. Amesema ananiamini.

Saa ya chakula nimekaa stoo na lile hema. Kitambaa kile. Kona zile. Litaamka kila siku juu ya dagaa, na hakuna mtu hata mmoja aliyevuka jangwa atakayeliona.

Barua ya kujitoa bado imo kwenye simu yangu. Waandaaji, ambao kwa hiyo hawajui lolote, wamenitumia namba ya banda. Arobaini na saba, karibu na mlango. Karibu na mlango!

Nimempigia Mama Bernadeta. Nikamwambia hema litachelewa wiki moja, kitambaa hiki lazima kipumzishwe kabla ya kukutana na chumvi. Akasema ziwa hili halina chumvi, mwanangu. Nikasema ndiyo maana inachukua wiki nzima. Kisha akasema haya, ila nisimwaibishe mbele ya wenzake.

Alhamisi, 31 Julai

Sirari, mpakani. Nimeandika haya nimekaa juu ya begi langu.

Jambo hili nimelipima kwa utulivu tangu Jumanne. Akina mama wamesubiri miaka, wiki moja haiwezi kuwa kitu. Oda sita zipo, haziendi popote. Nairobi zikipatikana nyingine kumi, Mjomba mwenyewe atacheka. Nimemwachia kikaratasi chini ya mkasi wake: nimelipeleka hema kwenye ukaguzi wa mwisho. Sikuandika wapi. Angeuliza. Modesta naye sikumwambia, angetaka kuja, na asubuhi hii nilikuwa na haraka.

Wapagazi wanne walilipakia stendi. Limejaza nusu ya buti la basi. Mwenye magunia yaliyoachwa nyuma alinitolea maneno ambayo hata baba mkwe wa Mihayo hakuyafikia. Banda linafunguliwa kesho saa tatu asubuhi.

Ofisa wa mpakani ameniuliza nimebeba nini. Nikasema hema, bwana, hema la juu ya gari, la Kitanzania, la kwanza la aina yake. Akaonekana kuvutiwa sana. Akalitazama basi. Akatazama nyuma yangu, barabarani. Akauliza gari lenyewe liko wapi.

Nikamwambia linakuja. Kashagonga muhuri.