Besi Yangu Si Lori

Kwa Kiongozi wa Bendi,
Nyumba ya tatu kutoka hapa kwangu.

Ndugu Kiongozi,

YAH: BESI YANGU KUITWA LORI, NA MAMBO MENGINE SABA

Tafadhali rejea maneno uliyonitamkia Jumapili jioni mbele ya wenzangu, tukiwa tunapakia vyombo. Nakuandikia kama Kiongozi, si kama shemeji. Shemeji yangu ni mtu mwema na kesho nitakwenda kunywa naye chai kama kawaida. Haya ni ya Kiongozi, na mimi, karani wa masijala kwa miaka ishirini na miwili, najua kwamba jambo lisiloandikwa ni kama halikutokea.

Ulisema kwamba kama mpaka onyesho la Jumamosi besi yangu haijakaa sawa, besi itapigwa na Vidole kwenye kinanda, kwa mkono wake wa kushoto. Miaka kumi na tisa, Ndugu Kiongozi! Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma yenu nyote nikiwashikilia msitawanyike, leo nafasi yangu anapewa mkono wa kushoto wa mtu ambaye hata huo wa kulia bado anaubabaisha. Imeniuma. Sitazunguka mbuyu: imeniuma sana.

Kabla sijaanza kulalamika, naomba tuelewane kuhusu amplifaya ya gitaa langu la besi. Ile ya zamani ilikuwa inakohoa, nikanunua mpya, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafutia sauti nzuri kwa uaminifu wote. Ina vitufe vinne vya kuzungusha: volyumu, besi, sauti za kati na sauti za juu. Hakuna namba hata moja. Kila kitufe kina mstari mweupe tu, na kijitabu kilichokuja nayo, cha lugha ya kigeni, kinaeleza kwamba mstari huo usomwe kama mshale wa saa ya ukutani. Wengine wangekwama hapo wakaanza kubahatisha. Mimi nilikaa na kamusi jioni tatu, nikakitafsiri neno kwa neno, maana hata ofisini nyaraka za kigeni huletwa mezani kwangu. Ukurasa unaohusu vyumba na kumbi ndogo nimeuchapa, nikautia plastiki, nikaubandika kwenye ukuta wa chumba chetu cha mazoezi nyuma ya karakana ya seremala. Unasema hivi: Volyumu saa kumi. Besi saa tisa. Kati saa kumi na mbili. Juu saa mbili. Nilibeba hata saa yetu ya sebuleni, nikaiegemeza juu ya amplifaya, nikalinganisha mstari na mshale, kitufe kwa kitufe.

Kwa hiyo sauti ninayoitoa ni sauti rasmi ya wenye kiwanda. Kama kuna ubaya, ubaya uko kwa waliobaki. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nami nimechoka kufanywa jua la bendi hii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Lori. Kwenye ile harusi ya Jumapili, wimbo wa pili, katikati ya kipande changu cha peke yangu nilichokiomba miaka minne, mshereheshaji alichukua kipaza sauti akatangaza kwamba mwenye lori linalounguruma nje aende akalizime, linasumbua wageni. Wanaume wawili wakatoka kulitafuta. Mmoja akarudi akasema dereva haonekani. Mimi nilikuwa bado napiga! Nilipomaliza kipande changu, lori nalo likawa limezimika, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Hukunitetea. Ulikuwa umeinama, mabega yakikutetemeka, na mwanzoni nilidhani unalia. Naomba barua ya kunisafisha jina, isainiwe na mshereheshaji, bwana harusi, na mmoja wa wale waliotoka nje.

2. Keki. Inadaiwa kwamba ghorofa ya juu ya keki ilitembea yenyewe mpaka ukingoni ikaangukia mapajani mwa mama wa bibi harusi. Natuhumiwa mimi, niliyekuwa na mikono yote miwili kwenye gitaa mbele ya mashahidi mia mbili. Nauliza tu: keki iliyoiva vizuri hutembea? Tangu sasa, wanaotualika waandae keki ya ghorofa moja.

3. Mjomba wa bibi harusi. Alishika kifua akasema anasikia mioyo miwili. Akakimbizwa hospitali, akapimwa, akaonekana mzima wa afya, akarudi kabla chakula hakijaisha. Mtu amepata uhakika wa moyo wake kwa sababu yangu, na hakuna aliyenipa hata ahsante.

4. Chiriku. Mwimbaji wetu analalamika kwamba hasikii noti yangu, anasikia mtikisiko tu, hivyo hajui aingilie wapi. Sasa mtikisiko si ndiyo besi yenyewe? Alisema mbele ya watu kwamba kuimba juu yangu ni sawa na kuimba ndani ya mashine ya kusaga. Chiriku ni mtoto wa watu na ninamheshimu, ila mdomo wake haujawahi kupata fundi wa breki. Napendekeza aache kuangalia wageni, aangalie vidole vyangu. Au anyamaze katika beti zote ninazoshuka chini. Nimezihesabu. Ni zote isipokuwa moja, na hiyo moja aimbe kwa raha zake.

5. Seremala. Mwenye chumba amekuja mara tatu na gundi mikononi. Anadai kabati la mteja limefunguka milango yote mitatu likiwa halijaguswa, na misumari yake inahama kutoka kopo hadi kopo. Anataka niisogeze amplifaya kutoka kwenye ukuta wake. Kijitabu hakikusema neno lolote kuhusu maseremala. Nashauri usogezwe ukuta, hatua mbili zinatosha, na kwa kuwa seremala yupo hapo hapo na vifaa anavyo, sioni ugumu uko wapi.

6. Kiwanda. Hapa siwatetei hata wao. Kitufe cha sauti za kati kinakataa kufika saa kumi na mbili. Kinagota saa kumi na moja, basi, hakiendi mbele hata kwa koleo. Koleo nimeijaribu. Ni kasoro ya wazi na barua yao naiandaa, yenye kurasa nne. Kwa sasa nimekiacha pale kinapogotea, kwa kuwa pungufu ya saa moja haiwezi kuharibu kitu.

7. Nyumbani kwangu. Dada yako, ambaye ni mke wangu na ninampenda, anasema tangu nianze kutafuta sauti hakuna mwingine mwenye sauti katika nyumba ile. Pia ananidai saa yake ya ukutani. Wiki hii anawafundisha watoto wa darasa la pili kusoma saa, na kwa kuwa yake iko juu ya amplifaya imebidi akate saa ya boksi, na mishale ameifunga kwa pini. Mara mbili ameniomba nimwonyeshe kijitabu. Nimemkatalia kwa heshima. Haya ni mambo ya kitaalamu, na hatuwezi kuyapeleka darasa la pili.

8. Mkono wa kushoto wa Vidole. Huu ndio mzizi wa fitina. Tangu ulipoutaja, mkono huo umeota mapembe: Jumanne kwenye mazoezi niliuona kwa macho yangu ukipapasa noti zangu, noti za mtu aliye hai. Nadai ukae mfukoni mwa suruali wakati wote wa onyesho, na uwe unatolewa kwa ruhusa yangu ya maandishi.

Hayo yakishatekelezwa, naomba iundwe kamati, mimi nikiwa mwenyekiti, ya kukagua kumbi, madirisha, glasi, keki na vifua vya wajomba wiki moja kabla ya kila harusi. Ukumbi usioiweza amplifaya yangu ubadilishwe. Ikishindikana, ibadilishwe tarehe. Ikishindikana na hiyo, maharusi washauriwe kutafakari upya kama kweli wanataka kuoana. Na kama hata baada ya hapo ni lazima mtu aondoke katika bendi, basi aondoke Chiriku, aondoke Vidole na mikono yake yote, uondoke na wewe, nibaki mimi na gitaa langu. Tutaona wageni watamtafuta nani huko nje.

Ndugu Kiongozi, mimi sijaomba kusimama mbele. Sijaomba jina langu liandikwe kwenye tangazo. Nimeomba kitu kimoja miaka yote hii: nikipiga noti, mtu aliyekaa meza ya mwisho aisikie ndani ya mwili wake bila kujua imetoka wapi. Kama na hilo ni kubwa mno kwangu, niambie mwenyewe, usinitumie mkono wa mtu.

Nisalimie bendi nzima. Msalimie Chiriku, na umwambie sina kinyongo. Msalimie seremala na kabati lake. Msalimie Vidole, mkono wa kulia tu. Watoto wako wote nawabusu, na yule mdogo mwambie gurudumu la baiskeli nimelitengeneza.

Ni mimi, niliye chini yenu kwa noti, si kwa heshima,

Mpiga Besi

Nakala: Mama mkwe, kwa taarifa na hatua zake.

Tanbihi:

Shemeji, barua hii nilimpa dada yako aitie kwenye bahasha tu. Akaisoma. Alipofika kwenye saa tisa akasimama, akaniuliza kwa ule upole anaowaulizia watoto wake wa darasa la pili: mume wangu, hii saa tisa ni yao au yetu? Nikamwambia saa ni saa. Akachukua saa yake ya boksi, akauweka mshale mfupi kwenye namba tisa, akauliza hiyo ni saa ngapi. Nikajibu saa tatu, nani asiyejua? Akasema wenye kijitabu hiyo ndiyo wanayoiita saa tisa, kwa sababu wao huisoma namba kama ilivyoandikwa.

Nilitafuta pa kukaa. Kijitabu kilitaka mstari wa besi uelekee palipoandikwa tisa. Mimi, mtafsiri wa neno kwa neno, nikauelekeza kwenye saa tisa yetu, palipoandikwa tatu. Na vyote vinne nimevifanyia hivyo hivyo. Palipotakiwa kupunguzwa nimeongeza, palipotakiwa kuongezwa nimekata, na volyumu ya kunong'ona nimeifungulia karibu mpaka mwisho. Kile cha kati hakikuwa na kasoro yoyote. Kilitakiwa kisimame wima, kama kilivyotoka kiwandani, kabla ya koleo.

Tukaenda wote chumba cha mazoezi. Alivizungusha vitufe vyote vinne kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kutafuta neno moja kwenye kamusi, akaniambia piga. Nikapiga. Noti ilitoka, Shemeji! Nene, safi, moja moja, kila moja unaweza kuiita kwa jina. Seremala akaja kuchungulia, maana misumari ilikuwa imetulia akadhani nimehama. Hakuondoka mpaka wimbo ulipoisha, na dada yako aliuimba wote, na mahali pa kuingilia hakukosea hata mara moja.

Mbaazi nilikuwa mimi, na ninyi mliokuwa jua nawaomba radhi. Nilitaka kuichana barua, dada yako akaninyang'anya. Ataileta mwenyewe na atakusomea kwa sauti, kwa sababu anasema mtu akishakucheka mpaka akachoka, nguvu ya kukufukuza hanayo tena. Nakala ya mama naomba isifike. Madai yote nimeyafuta, isipokuwa namba nane: huo mkono ubaki mfukoni mpaka wewe utakaponisikia, halafu uamue mwenyewe.

Jumamosi nitakuwa ukumbini saa tisa kamili kufunga vyombo. Saa tisa yetu.