Mkono Uliotoka Nyuma ya Leso

Jamani, leo nimeaibika. Tena angani, mahali ambapo huwezi hata kufungua mlango ukakimbia.

Mnajua ndoto yangu ya urubani. (Ndiyo, mimi huyu muuza sufuria wa Jinja.) Kununua ndege sahau, hata tairi lake siliwezi. Nimejinyima miaka mingi nikapata pesa ya masomo mawili tu. Mwalimu, afande mmoja mstaafu, akasema nikileta abiria wawili wa kuchangia mafuta, la kwanza litakuwa nafuu. Mke wangu akasema nimwachie: atapanda yeye na mgeni mmoja.

Asubuhi nafika uwanjani. Mgeni ni mama yake, katoka Nakaloke, kule Mbale!

Kwetu sisi, mwanamume na mama mkwe hawakaribiani. Hata salamu tunapeana ukuta ukiwa katikati. Nikajificha upande wa mkia. Naye akajificha upande wa pua. Nikichungulia, anazunguka. Afande akatutazama mpaka akachoka.

"Bwana, wewe na huyu mama iko na kesi?"

Nikamnong'oneza mke wangu amrudishe. Akakataa. Akasema wakati wa vita mama alikuwa msichana, ndege ikipita wanalala kifudifudi migombani, na tangu hapo akisikia ndege bado anainama. Leo anataka kupanda, yaishe. Nikakubali. (Ninyi mngesema nini?) Tukafunga leso aliyojitanda mke wangu katikati kama pazia: mbele mimi na afande, nyuma wao. Tukaruka.

Mto Nile uko chini, raha tupu! Afande akaniachia usukani. Papo hapo upepo ukatutikisa. Nivute? Nisukume? Sijui. Kutoka nyuma ya leso mkono ukanishika bega, ukaning'ang'ania. Maskini mke wangu, nikafikiri. Nikaushika. Nikaubusu (ndiyo, nikaubusu), nikasema kwa sauti nzito ya kirubani, "Usiogope, kipenzi. Uko mikononi mwangu."

Na sote tulikuwa tumevaa vile vya kusikilizia masikioni, kwa hiyo kila mtu alisikia.

Kisha mke wangu akasema polepole, "Baba Hamza, mikono yangu yote ninayo hapa. Huo ni wa mama."

Afande akachukua usukani huku akicheka. Sijui kama ni ndege iliyoyumba au ni mimi. Mpaka sasa sijui.

Tulipotua, mama akashuka kajifunika gubigubi. Akanitumia ujumbe kupitia binti yake: ndege ameipenda sana, ila mkwe akimgusa mama mkwe faini inajulikana. Mbuzi. Na asiwe mwembamba.

Naombeni msicheke. Nimerudi kutoka mnada wa mbuzi wa Buwenge sasa hivi, na somo langu la pili la urubani liko nyuma ya nyumba, limefungwa kamba, linakula majani.