Jiwe Shavuni Mwezi wa Ramadhani

Jumatatu, 23 Februari
Garissa nzima hakuna mwenye bahati kama mimi. Nyumba tatu zinanigombania nikafuturu kwao. Nimewaambia wangoje zamu.

Taabu ni hili shavu. Nimepita kwa Nafiso, mjane wa sambusa. Harufu ikanipiga, shavu likafura. Shuaib, dalali wa mbuzi kama mimi, akatangazia soko zima: Aweys anatafuna miraa mchana wa Ramadhani. Nikafungua mdomo waone. Mtupu. Akasema basi nimemeza.

Jumanne, 24 Februari
Hospitalini kuna daktari mgeni. Kasema jiwe limeziba mfereji wa mate. Nikinusa chakula mate yanajaa, hayana pa kutokea. Nikauliza kama atanikata shingo. Kasema zamani ndivyo, siku hizi anapitisha kamera nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, kwa tundu lililo ndani ya shavu. Akauliza nani atanisindikiza. Nikajibu ukoo mzima. Ukoo uko Buna, mbali kaskazini.

Magharibi, mlango umebishwa. Mara ya kwanza tangu Idi. Mtoto wa Nafiso, na bakuli la supu. Mama kasema pole, walaal, yaani ndugu.

Alhamisi, 26 Februari
Ganzi tu, sikulazwa usingizi. Nimeona ndani ya shavu langu kwenye skrini: pango jekundu, jiwe limekaa kama mwenye nyumba. Kikapu kidogo cha waya kikalikumbatia, likatoka. Dogo kama punje ya mchele. Sokoni nimesema yai la kanga. Shuaib kaniomba radhi, hadharani. Nafiso kasema alhamdulillahi, umepona.

Jumamosi, 28 Februari
Shavu bapa. Adhana imelia, mlango kimya. Mtu mzima wa afya nani atampelekea supu?

Jumapili, 1 Machi
Akili haijaniishia. Nimeokota kokoto, nimeliosha, nimelisukuma shavuni, nikapita kwa Nafiso nikiugulia. Kashtuka: limerudi? Nikafungua mdomo nijibu. Kokoto likaangukia sambusa.

Shuaib kauliza kama hilo ndilo yai. Watu wakacheka hadi mbuzi wakageuka. Nafiso hakucheka. Kasema kwa sauti ya chini, walaal, si ungesema tu huna pa kufuturu? Mama yangu yupo, watoto wapo, njoo leo.

Nikamwambia haiwezekani, nyumba tatu zinaningoja.

Sasa niko na tende na redio. Kesho nitatafuta kokoto linalokaa vizuri zaidi. Na zile nyumba tatu ni uongo. Hakuna hata moja.