Shati Lililonuka Petroli

Mjini walimwita Sabuni, kwa sababu kila aliyedhani amemshika alibaki na mkono mtupu. Asubuhi hiyo alipita kwa dobi kuchukua shati lake jeupe, lile la kazini. Kazi yenyewe mnaijua. Akalinusa, akakunja uso.

"Dada, umelifulia maji au petroli?"

"Vyote viwili, kaka." Machozi yalimlenga dobi. "Tangi la kituo cha mafuta hapo ng'ambo lilivuja. Mwenyewe kaliziba kimyakimya, lakini yaliyomwagika yako kisimani kwangu. Wateja wananikimbia. Kisima hiki kikifa, na mimi nimekwisha."

Mwenye moyo angemwonea huruma. Sabuni aliomba chupa.

Muda si mrefu alikuwa ofisini kwa mwenye kituo, amevaa shati lilelile, kwani harufu nayo ni ushahidi.

"Mimi ni mtaalamu wa maji ya ardhini, mzee. Ona mafuta yako yanavyoelea humu chupani. Wakubwa wakiyanusa, kituo kinatiwa kufuli."

"Punguza sauti, kijana! Kuyasafisha bei gani?"

"Kwa heshima yako, nusu bei. Malipo mbele, risiti hakuna."

Hilo la risiti lilimfurahisha mzee kuliko nusu bei. Akalipa.

Hapo tapeli mwenye akili angetokomea. Lakini tamaa, jamani! Sabuni aliitazama ile chupa akawaza: haya yanayoelea si yanauzika? Akakodi pampu, akavua shati akamwachia dobi alifue upya, akaanza kuvuta kisimani. Akavuta petroli pamoja na maji yake, akajaza mapipa, siku baada ya siku, mgongo ukimuuma, mpaka pampu ikatoa maji matupu. Ndugu msomaji, bila kukusudia alikuwa amefanya kazi halali, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mapipa alimuuzia dalali, aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba atayapeleka mji wa mbali. Dalali naye ni binadamu, na mbali kuna jua. Alivuka barabara tu, mpaka kituoni.

Sabuni akatupa begi la fedha garini, akawasha. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Akajaza hapo hapo kituoni, akampungia mzee mkono kwa madaha, akaondoka. Gari likakohoa, likapiga chafya, likazimika mlangoni kwa dobi. Nyuma yake barabara nzima ilijaa magari yaliyozimika, na madereva walikuwa wamemkunja mwenye kituo.

"Mimi nimeuziwa tu!" mzee alilia. "Muulizeni dalali huyu!"

Dalali, aliyekuwa bado kituoni akihesabu pesa zake, hakuumbiwa kutunza siri. "Mwenye mzigo yule pale!"

Mzee akamtazama Sabuni, akalitazama begi. Taratibu ikamwingia. "Yaani nimekulipa uyatoe mafuta yangu, halafu nikayanunua tena?"

Begi likafunguliwa pale pale. Mafundi wa magari walilipwa mpaka ikabaki zipu. Sabuni akakabidhiwa pampu yake, anyonye tangi zima la kituo, madereva wakimsimamia.

Jioni dobi alivuka barabara, shati mkononi, jeupe pe.

"Ulilisahau, kaka. Nimelifulia maji ya kisima. Hebu ona, halinuki hata chembe! Mungu akubariki."

Sabuni, ametota petroli kuanzia utosini, akanyoosha mkono. Dobi akarudi nyuma upesi, shati kifuani.

"Ah, sikupi," akasema. "Wewe mwenyewe bado hujafuliwa."